Dawa Isiyomlaza Mama

Miaka ile ya Zaire nilikuwa msaidizi katika maabara ya kemia hapa Lubumbashi, na nyumbani mama yangu alikuwa kitandani na saratani ya mifupa. Mofini ilimtuliza, lakini ilimlaza, naye hakutaka sala impite. Kwa hiyo alikataa sindano mpaka amalize isha. Mchana kutwa aliuma pindo la kikwembe, kitenge chake, kwa maumivu.

"Mama, Mungu anamusamehe mugonjwa," nilimwambia.

"Najua. Lakini nikiwa nazungumuza na Yeye, unataka nikorome mbele Yake?"

Profesa wetu alitafuta dawa ya maumivu isiyo ya jamii ya mofini. Kwenye neva kuna vipokezi, mahali ambapo ujumbe wa maumivu hutua. Tulitengeneza molekuli ndogo ya kuwahi kukaa pale, ili ujumbe ukifika ukose nafasi, na akili ibaki macho. Nilimsimulia mama. Tangu hapo, kila nikirudi aliuliza, "Iko tayari?"

Asubuhi moja panya tuliowapa molekuli hiyo walisimama juu ya bamba la joto bila kulamba miguu kama panya anayeungua, wakinusanusa huku na huku, wachangamfu kabisa. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kabla ya adhuhuri wote walikuwa wamekufa. Molekuli ilikuwa imekaa pia kwenye vipokezi vya moyo.

"Haichagui," profesa alisema. "Tuiongezee tawi pembeni, isiweze kuingia kule kwenye moyo."

Alilichora ubaoni. Lakini kemikali za kuliundia zilikuwa zimekwisha, na nyingine zilisubiriwa kutoka Ulaya, hakuna aliyejua mpaka lini. Tulikaa tukitazama ule mchoro.

Jioni ile nilirudi mapema, jua bado liko juu, nikamweleza mama yote.

"Sasa panya habakusikia maumivu?"

"Habakusikia. Balikufa, mama."

"Basi uniletee kidogo."

Alicheka, lakini vidole vyake vilinikamata mkono na havikuachia.

"Siwezi, mama."

"Hata mimi siwezi kuimeza," alisema, akiniachia mkono. "Roho si yangu. Unigeuze, alasiri inapita."

Nilimgeuza kuelekea kibla. Kila nilipogusa nyonga yake pumzi ilimkatika, nami nikasimama katikati, nisiweze kuendelea wala kumrudisha. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Alisali kwa ishara ya macho, akili yake yote ikiwa pale.