Mtia Makaa wa Meli ya Mizigo

Mzee anayetunza chumba cha kumbukumbu ya mabaharia waliozama, pale mji wa bandari wa Haugesund, hawapokei wageni kwa pole. Huwamiminia kahawa, huwavutia kiti, kisha huuliza kwa sauti yake ya mkwaruzo, "Wa kwako alikuwa meli gani?" Kila picha ya zamani huishika pembeni kwa ncha za vidole, na kila sura huitikisia kichwa kama anayesalimia. Jumamosi moja mwanamke aitwaye Torbjørg alikuja kutafuta kumbukumbu za babake, aliyezama na meli ya mizigo wakati wa vita, yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Mzee alimwonyesha babake kwenye picha ya mabaharia wa meli ile, safu ya nyuma, akicheka. Torbjørg akaona haya kidogo. "Alikuwa mtia makaa tu."

"Tu?" Mzee akaweka kikombe chini. "Meli ile ilivukaje Atlantiki, kwa maombi?" Akakunja mkono wa sweta, makovu ya moto yakaonekana kutoka kiganjani hadi kiwikoni. "Mimi pia nilitia makaa kwenye tanuri la meli. Hebu sema tena, mwanangu, bila hilo 'tu'."

Torbjørg akasimama wima. "Baba yangu alikuwa mtia makaa," akasema, kwa sauti iliyowafanya wageni wa chumba cha pili wageuke.