Vidole Alivyofichwa Mama Rangi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Rangi, fundi wa kupaka nyumba, mwanamke wa makamo mwenye mdomo usiokaukiwa utani. Dari ndizo zilikuwa kazi yake hasa. Mafundi wanaume walizikwepa kwa sababu shingo huuma na rangi hudondokea machoni. Yeye alipanda ngazi peku, vidole vya miguu vimeng'ang'ania kipago, akapaka huku anaimba. Akiambiwa avae viatu, alijibu, "Nikivaa, nitajuaje kama nimekanyaga ngazi au hewa?"

Basi msumari ukamchoma wayo kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa, wala hakuusikia. Alikuwa na ugonjwa wa sukari bila kujua, na ganzi ilishatambaa miguuni zamani. Mdogo wake wa kike, mshona nguo aliyeishi naye, aligundua kwa harufu. Walipofika hospitali, homa ilikuwa imempanda hadi anaweweseka, anamwita marehemu mama yao amletee brashi.

Alipopata fahamu, mguu wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, mnene kama mtoto mchanga aliyeviringishwa blanketi. Mdogo wake alikuwa kando ya kitanda.

"Wameniosha kidonda?"

"Wamekusafisha vizuri, dada. Lala."

Kila nesi alipokuja kubadilisha bendeji, mdogo mtu alimfunika dada yake uso kwa shuka. "Usitazame, presha itapanda." Mama Rangi alicheka, akatii. Kilichomsumbua ni kitu kimoja tu: kidole gumba cha mguu kilikuwa kinamwasha. "Hebu nikune hapo," alisema, na mdogo wake akakuna juu ya bendeji polepole, macho dirishani.

Asubuhi aliyoruhusiwa kwenda nyumbani, mdogo wake alikuwa ametoka kutafuta gari. Akaja nesi ambaye hakuwa amemhudumia kabla, na trei yake. "Mama, leo unatuacha. Nikuonyeshe namna ya kuosha kidonda, usije ukaenda kukiharibu."

Akaondoa bendeji tabaka kwa tabaka. Mama Rangi akainama kutazama.

Vidole vilikuwa vitatu. Pale penye kidole gumba na jirani yake palipita mshono mweusi. Kwanza alidhani ule ni mguu wa mtu mwingine. Akautazama wa kushoto, akarudi kwa wa kulia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akabaki na kikombe hewani.

"Vidole vyangu viko wapi?"

Nesi akainua uso. "Mama, hukuambiwa?"

"Niambiwe nini? Na nani?"

"Ulikuwa hujitambui, vilikuwa vimeoza, sumu inapanda. Ndugu yako ndiye aliyekubali. Halafu akatuomba akueleze mwenyewe. Sisi tukajua umeshaelezwa."

"Lakini kinaniwasha," alisema Mama Rangi kwa sauti ndogo. "Sasa hivi. Kinawashaje kama hakipo?"

Mlango ukafunguliwa. "Dada, gari limefika…" Mdogo wake akauona mguu wazi. Mfuko wa nguo ukamdondoka.

"Ulikuwa unakuna nini?" Mama Rangi akamwuliza.

Mdogo mtu akaketi sakafuni, akalia. "Nilikuwa nasubiri tufike nyumbani."

Nesi akakumbusha kwa upole kwamba kitanda kinangojewa. Mama Rangi akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Sitoki. Aliyenikata aje anieleze mimi. Mwenye mguu ni mimi."

Daktari akaja, kijana mwenye macho ya usingizi. Alianza kueleza akiwa amesimama. Alipoona uso wa yule mama, akavuta kiti. Akakubali kwamba alipaswa kumwambia mara tu alipozinduka, hata ndugu aombe nini. "Ni haki yako, mama. Tulikosea. Nisamehe."

"Mmevitupa wapi?"

"Vimechomwa, mama."

Akafumba macho. Alipoyafumbua, maswali yakamtoka mfululizo. Vingine vitakatwa? Sukari itapona? Ngazi je? Daktari akajibu moja moja: sukari haiponi bali hutulizwa, akague miguu kila asubuhi, asitembee peku tena, ngazi asiifikirie kabla kidonda hakijafunga, na baada ya hapo hawezi kumwahidi. Kuhusu kuwashwa, akamwambia si wazimu, mishipa ya fahamu bado inakitafuta kidole. Mama Rangi akaomba pamba, akakiosha kidonda mwenyewe mbele yao, machozi yakidondokea kwenye trei.

Nyumbani walikaa kama wapangaji wasiojuana. Mdogo wake alipika, akatenga, akaondoka. Mwishowe, siku moja mdogo mtu akashindwa kuvumilia.

"Niliogopa ungekata tamaa ufe, dada."

"Ningelia. Kulia si kufa. Jambo langu niambie mimi kwanza, mdogo wangu."

"Hata likiwa baya?"

"Hasa likiwa baya. Sasa njoo tule, chakula kinapoa."

Kidonda kilifunga. Amerudi kazini, amevaa viatu vipana vya kufunika, na dari anazipaka kwa rola ya mpini mrefu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Utani umerudi pia. Ila asubuhi, anapofunua shuka akague miguu, bado kuna siku moyo unamruka kama siku ile wodini, na inambidi akae kitandani kidogo kabla ya kusimama.