Sufi ya Kiti cha Nyuma

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mkaguzi wa shule, na kazi hiyo ilinifunza kutoamini neno lisilo na mwenyewe. Mwalimu mkuu akiniambia "wazazi wanasema", nilimwuliza ni mzazi yupi. Nilistaafu na tabia hiyo, nikaihesabu kuwa sehemu ya heshima yangu. Sasa naandika jinsi ilivyoniaibisha mbele ya dada yangu, na sitajitetea.

Dada amenizidi miaka sita. Anakaa Likoni, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa karani bandarini. Pamoja na nyumba alimwachia gari, la Kifaransa la rangi ya kijivu lenye umri uliopita miaka hamsini, ambalo tangu mazishi lilikaa uani chini ya turubai. Mwaka juzi alinikabidhi ufunguo.

"Litengeneze, ndugu yangu," aliniambia. "Nataka kulipanda tena kabla sijafa. Lakini lisinigeukie likawa geni."

Nililipokea agizo hilo kwa uzito. Gari likakokotwa, likavushwa kwa feri mpaka gereji moja ya Chaani, karibu na kwangu, kwa fundi wa kutoka bara ambaye marehemu alimwamini. Nilitafuta kitabu cha kiwanda, kile kinachoonyesha kila skrubu na mahali pake, nikakisoma kwa kalamu mkononi. Fundi alipotaka kuweka taa za kisasa, nilikataa. Alipotaka kutupa usukani uliopasuka, nilimwamuru auzibe ufa na kuusugua. Rangi tuliichanganya mara nne hadi ikalingana na ile iliyosalia chini ya kifuniko cha buti. Nilijivuna, sifichi.

Ndipo tukafika kiti cha nyuma. Kitabu kilionyesha springi na tabaka la sponji. Fundi alipofumua ngozi tulikuta sufi, ile pamba ya mti wa msufi, imeshindiliwa kwa mkono, na upande wa kushoto imebonyea kama kiota.

"Hii tuiache, mzee," fundi alisema.

"Kwa nini?"

"Nasikia mama mwenyewe ndiye aliyeijaza."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani? Hawana majina?"

Fundi alicheka, akajifuta grisi. "Mzee, wewe ungekuwa hakimu, jela zingekuwa tupu. Hakuna ushahidi ungekutosha."

"Kitabu kinasema sponji."

"Kitabu kinajua gari lilivyozaliwa. Hakijui lilivyolelewa."

Nilimwona mjuaji. Nikaamuru sufi itolewe, iwekwe sponji. Ikatupwa nyuma ya gereji, upepo wa mchana ukaichukua, na kwa siku mbili niliiona imenasa kwenye nyaya za ua na migongoni mwa mbuzi wa jirani.

Ninalopaswa kukiri ni kwamba shahidi alikuwa hai, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilidai ushahidi nami sikumwita aliyekuwa nao, kwa kuwa moyoni nilikwisha kuamua kuwa kitabu ndicho chenye haki.

Siku ya kulirudisha, dada alinipokea mlangoni na chetezo mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akalifukiza gari udi ndani na nje kama bibi harusi.

"Mashallah, limenawiri! Marehemu angeliliona hivi angelinioa mara ya pili."

Akaingia nyuma, upande wa kushoto. Akakaa. Kiganja chake kikapita juu ya ngozi mpya, kikarudi, kikatulia.

"Sufi yangu i wapi?"

"Ilikuwa imeoza, dada."

Neno lilinitoka kabla sijalipima. 

"Imeoza?"

"Ndiyo."

"Haya. Wewe ukisema, basi. Wewe si mtu wa maneno ya kusikia."

Kisha akanieleza, sauti yake ikiwa ya kawaida, kwamba ile ilikuwa sufi ya godoro lake la harusi. Alilifumua binti yake alipoanza kuumwa mifupa, kwa sababu kila Jumatatu walimpeleka kliniki ng'ambo ya feri, na kila shimo la barabara springi zilimliza mtoto. Pale kushoto ndipo alipokuwa akilala, mpaka alipofariki akiwa na miaka tisa. Miaka hiyo mimi nilikuwa bara, nikikagua shule. Niliandika barua ya rambirambi. Ilikuwa barua nzuri.

Nilimwendesha hadi sokoni na kurudi. Alihamia upande wa kulia.

Juma lililofuata nilimsimulia fundi, nikiusema uongo wangu kwa sauti ndogo. Aliweka spana chini.

"Sufi ioze ndani ya ngozi kavu? Mzee! Na umemwambia hivyo mama aliyeshona magodoro ya watu maisha yake yote?"

Hilo sikuhitaji kulisikia kwa mtu. Nililijua tangu utotoni, kwani ada yangu ya shule ilitoka katika sindano yake. Dada aliujua uongo ulipokuwa ungali mdomoni mwangu, naye akanisitiri.

Nilinunua gunia la sufi katika soko la Kongowea, nikavuka nalo hadi Likoni. Nilimkuta dada barazani, nikamweleza yote: fundi alivyonionya, upepo, mbuzi. 

"Nalijua," alisema. "Nalikuwa nangoja uje nalo mwenyewe."

Nikamwomba radhi.  Akatandika mkeka, akamimina sufi, akanionyesha pa kuketi.

"Chambua vyema, mkaguzi. Mbegu moja ikibaki, takukalisha juu yake."

Nilichambua hadi alasiri, nikipiga chafya, mzee mzima mwenye nyuzi nyeupe ndevuni, naye akicheka kila chafya. Kisha akafumua ngozi kwa mkono wake na kuujaza upande wa kulia. Nilipomsogezea sufi ya upande wa pili, alinizuia.

"Huko usitie. Hiyo ni sufi ya sokoni."

Akaishona ngozi. Tangu siku hiyo humwendesha kila Jumatatu, naye huketi kulia. Upande wa kushoto ungali na sponji, sawasawa na kitabu kisemavyo.