Kanga Nyuma ya Mashua

Watu wakiniuliza marehemu mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, huwa nawaambia alikuwa mpole. Sisemi uongo. Upole wake niliuona kwa macho yangu Jumamosi moja, enzi za Mwingereza, siku aliyobeba mashua juu ya gari kutoka Chang'ombe mpaka pwani ya Msasani.

Alikuwa dereva wa Bwana Mkubwa mmoja wa serikali, na Bwana Mkubwa yule alikuwa na maradhi ya mashua. Si ya kuvulia, si ya kubebea chochote. Ya kushindania tu, Wazungu wanazunguka boya kisha wanarudi walikotoka. Fundi wa Chang'ombe alikuwa amemaliza kuipaka rangi, nyeupe pe, na mashindano yalikuwa jioni ile ile. Mume wangu akaambiwa: ikifika na mkwaruzo, kazi huna.

Jioni ile ile nami nilikuwa na langu. Shoga yangu alikuwa anamwoza binti yake hapo hapo kwetu Kinondoni, na sie wanawake wa kikundi tulishachukua sare, kanga nyekundu iliyoandikwa "Kupendwa ni bahati, mwanunia nini?" Tuliichagua makusudi kwa ajili ya kikundi cha mtaa wa pili, nao walijua. Tulipatana kuingia kwa mstari, na mie ndiye wa kutangulia. Asiye na sare haingii na wenzake. Anapelekwa jikoni akachambue mchele, na mwaka mzima watu wanamcheka. Basi nikaifukiza udi doti yangu, nikaitandaza kitandani, nikaenda kuoga.

Kutoka bafuni, ala! Kitanda kitupu, kamba zimenikodolea macho. Godoro hakuna. Mto hakuna. Kanga imebaki moja. Jirani yangu kasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mumeo kapita na gari," akasema. "Kasema mashua inasugua paa, anataka kitu laini cha kuilazia. Tena askari alishamsimamisha huko alikotoka, eti mzigo umezidi nyuma na hauna kitambaa chekundu."

Eti kitambaa! Wallahi nilitaka kupiga ukunga. Nikajifunga kanga kuukuu, nikatoka mbio.

Wala sikukimbia sana. Gari lilikuwa linakwenda mwendo wa bibi harusi. Mashua imelala kifudifudi juu ya godoro langu, imefungwa mbele kwenye bampa, imefungwa nyuma kwenye bampa, na katikati kamba zimepita dirisha hili zikatokea lile. Kila kishimo anasimama. Anashuka, anaitikisa, anavuta kamba, anaweka kiganja ubavuni mwake kama anayepima homa ya mtoto, ndipo anarudi ndani. Mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili umetoka nje umeishika. Na nyuma, mkiani, kanga yangu inapepea, inawatangazia watu wa Kinondoni kwamba kupendwa ni bahati, nami nafuata nakula vumbi.

Nikamfikia. "We mwanamume, nipe kanga yangu!"

"Nikiifungua askari ataniweka ndani."

"Basi nipakie."

Akageuka, akakitazama kiti cha pembeni yake. Mlingoti ulikuwa umelala hapo, kutoka kioo cha mbele mpaka nyuma kabisa, na tanga limekunjwa juu yake. "Hakuna nafasi, mke wangu," akasema, tena kwa huzuni kweli. "Na usinitie haraka. Upepo ukiingia chini yake utainyanyua." Akaondoa gari, taratibuu.

Nikatembea. Ningefanya nini? Yeye mbele, mie nyuma, mpaka Msasani. Mzee mmoja wa baiskeli alitupita, akaisoma kanga, akanitazama nilivyolowa jasho, akasema, "Haya, hongera, bibi." Nilimjibu neno ambalo siliandiki hapa.

Pwani tulimkuta Bwana Mkubwa kavaa kaptula, anatazama saa. Wanaume waliokuwapo wakaishusha mashua. Akaizunguka, akainama, akapapasa. Hakuna mkwaruzo. "Vizuri sana, dereva!" Mume wangu akatabasamu tabasamu ambalo, haki ya Mungu, hata siku ya ndoa yetu sikuliona. Kisha Bwana Mkubwa akaona vumbi kidogo ubavuni. Akanyoosha mkono, akaifungua kanga yangu, akaanza kufutia.

Nilimnyang'anya. Sikumsalimu wala sikuomba ruhusa; nilishika pindo, nikavuta. Yule Mzungu wala hakukasirika, alishangaa tu. Akamgeukia mume wangu. "Nani huyu?"

Mume wangu akanitazama mie, akaitazama mashua.

"Mwenye kitambaa, Bwana."

Mwenye kitambaa! Iliniuma, sifichi. Ningekuwa na nguvu ningeisukuma ile mashua majini bila tanga, iende zake Unguja. Lakini alasiri ilikuwa inakwisha, na wakati wa kulia sikuwa nao.

Nisikuweke roho juu: harusini niliwahi. Sehemu yenye vumbi niliikunja kwa ndani, nikatangulia, tukaingia, na wale wa mtaa wa pili wakanuna kama tulivyotaka. Ninachotaka kusimulia ni safari ya kurudi kutoka pwani.

Bwana Mkubwa alikwenda kuzunguka boya lake, gari likawa letu kwa muda. Mlingoti haumo tena, nikapata kiti. Mume wangu akatia gia, na loo, mwendo ule sikupata kuuona! Shimo la kwanza niliruka. La pili kichwa kikagonga paa. La tatu nikang'ang'ania mlango kwa mikono miwili, kanga nimeiuma kwa meno isidondoke.

Nikaitema. "Pole pole, utaniua!"

Hata hakugeuka. Alikuwa anapiga mluzi, raha mustarehe.

"Usiogope," akasema. "Mashua tumeshaishusha."