Suti ya Bwana Rangi kwenye Ukuta wa Mama Pasi

Haya niliyaona kwa jicho moja tu, maana la pili nilikuwa nimelifumba kwa harufu. Atakayesema naongeza chumvi, aje aulambe ule ukuta.

Mama Pasi tulipanga naye nyumba moja, mlango kwa mlango. Ni dobi, mwembamba kama kamba ya kuanikia, lakini akikamata pasi ya mkaa, shati lililokunjamana kama uso wangu hutoka laini hadi inzi akitua anateleza na kuvunjika mguu. Nguo ya mtu hajawahi kuiharibu, hata kifungo. Mume alikwisha kufariki. Alibaki na kazi hiyo na binti wa miaka minne.

Chumba chake kilipakana na bafu letu sote. Bomba likapasuka ndani ya ukuta, ukuta ukaota kuvu. Kuvu nyeusi! Ilianza kama doa la chai, ikapanda mpaka darini. Nilimwona panya akipita pale, akatokea upande wa pili amevaa koti la manyoya. Tungecheka zaidi, ila yule binti kila akipumua kifua kilipiga filimbi. Daktari wa zahanati alimwambia mama mtu wazi: "Dawa nitakupa, lakini mtoto akizidi kulala na hiyo kuvu, tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu."

Mwenye nyumba tulimwita Bwana Rangi. Paa likivuja, anapaka rangi. Mlango ukitoka bawaba, anapaka rangi. Ule ukuta aliupaka mara tatu, na mara tatu kuvu ikatoka imenenepa kama iliyolishwa.

Siku moja akaingia uani na suti yake nyeupe mkononi, ya kuvaa Jumamosi kwenye harusi ya bintiye. Mama Pasi akamsimamisha, sote tukisikia.

"Baba, bomba limepasuka. Huu ukuta uvunjwe."

"Bomba gani? Mvuke wa pasi zako ndio unaolowesha ukuta wangu."

"Mwezi mzima napigia pasi hapa barazani. Kuvu imepungua?"

"Tena mvuke wenyewe una miguu, unafungua mlango na kuingia," nikadakia.

"Bibi, wewe hujaulizwa."

"Ningeulizwa ungekimbia, mjukuu wangu."

Akanipa mgongo, akamnyooshea Mama Pasi suti. Hebu ona mtu huyo! Bomba anakunyima, suti anakupa umfulie.

Mama Pasi akaipokea. "Nitaifua. Ila mvua hizi haziruhusu kamba ya nje. Itaning'inia ndani, kwenye msumari wa ule ukuta, siku tano. Nakwambia mbele ya watu: ama fundi bomba aje leo, ama suti yako ilale na kuvu."

"Ukuta wangu mzima! Tundika!"

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema, tundika!"

Alipokuwa akiitundika, alinigeukia. "Bibi, naona aibu. Nguo ya mteja."

"Kwani suti ina kifua?"

Akavuta pumzi. "Haina," akasema, akaiacha pale.

Ijumaa Bwana Rangi akaja. Suti ilikuwa chui. Madoa mgongo mzima, na harufu yake ilitangulia mlangoni kumpokea.

"Umeniharibia suti! Nitakushtaki!"

"Nishtaki, baba. Hakimu atauliza iling'inia wapi. Na imelala siku tano tu. Mwanangu amelala hapo mwaka mzima."

Harusini alivaa koti la shemeji yake, mikono ikiishia viwikoni. Jumatatu akamtuma fundi wa kupaka rangi. Mama Pasi akasimama mlangoni na pasi ya moto.

"Rangi haiingii humu."

"Mama, mimi natumwa tu."

"Basi katumwe tena. Urudi na fundi bomba."

Jioni Bwana Rangi, akimkumbuka hakimu, akaja na fundi bomba, ukuta ukavunjwa. Sisemi samaki walitoka. Alitoka chura, amenuna kama mpangaji aliyefukuzwa.

"Ukuta utakauka wiki tatu," fundi akasema.

"Basi wiki tatu mwanangu atalala kwako, baba, sebuleni," Mama Pasi akamwambia Bwana Rangi, na mkeka ulikuwa tayari kwapani. Mbele yetu sote aliona haya kukataa. Mama na mwana wakalala huko, na filimbi ikaanza kunyamaza.

Ukuta ulipokauka, Bwana Rangi akaleta barua. "Chumba kimepona. Sasa hama, sitaki mpangaji mkorofi."

"Nimepanga niishi, sikupanga niugue. Sihami."

"Utahama!"

Hapo tukatoka wapangaji wote, kila mtu na godoro lake kichwani, mimi mbele.

"Mnakwenda wapi?" akauliza.

"Sebuleni kwako," nikamjibu. "Kuta zetu nazo zina kuvu. Kwako pakavu."

Akayahesabu magodoro. Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni, akaondoka bila kwaheri. Kesho yake asubuhi fundi bomba alianza na chumba changu.