Ruta ya Sebuleni Kwangu

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza. Wiki nzima laptop yangu ilikuwa ikipoteza waifai katikati ya mikutano ya kazi. Niliizima, nikaiwasha, nikaitukana. Mwishowe nikamwita Kamau, fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu, aje kwangu mtaani Barking, nikamwahidi pilau.

Akaipekua weee. "Dada, laptop iko sawa. Ruta ya waifai umeiweka wapi?"

Hapo nikakumbuka. Siku ya Idi, wageni wakiwa njiani, niliona aibu waya na vitaa vyake kuonekana sebuleni, nikaificha. Basi, mbele ya Kamau, nikafungua kabati la vyombo, nikaondoa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, nikafunua sufuria kubwa ya shughuli. Ruta ilikuwa humo, inakonyeza.

Kamau akachungulia. "Dada, imeiva?"