Namba Kumi na Moja ya Bugarama

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Tulikuwa tumefungwa tena, nyumbani kwetu hapa Bugarama, nami nikatoka uwanjani nikavua jezi na kuitupa chini kwa hasira.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye mbio. Nilizaliwa na kulelewa ukimbizini Bukavu, Kongo, na baada ya vita jamaa yetu ikarudi Rwanda kama wengine wengi. Timu ya hapa bondeni ilikuwa imepanda daraja la kwanza, ikatafuta wachezaji wa kulipwa, ikanichukua niwe winga wa kushoto, namba kumi na moja. Nikaona nimefika! Lakini waliosema aliye juu mngoje chini hawakukosea. Msimu ulipofika katikati tulikuwa mkiani kabisa, na watu wa mjini Cyangugu walitutania kwamba tulipanda daraja ili tuone mandhari tu.

Sababu niliijua mimi, au nilidhani naijua. Kapteni wetu, Silasi, mzaliwa wa Muganza, mtu wa mabega mapana aliyewahi kuvunja mawe machimboni, hakunipa mpira. Nikiwa peke yangu kabisa, nimeinua mkono, yeye huzunguka na kuupeleka kulia. Nikaamini ananichukia kwa kuwa nimetoka Kongo.

Basi ile jezi niliyoitupa iliokotwa na kocha, mzee mwembamba tuliyemwita Papa Gasto. Akaikung'uta vumbi, akanikalisha kwenye benchi.

"Petit, kijana wangu, unalia nini?"

"Papa, Silasi hanipatie ballon. Ni juu nilitoka Congo."

"Ulimuuliza?"

"Nitamuuliza namna gani muntu mwenye ananichukia?"

"Na nani alichezaka pale kushoto mbele weye ufike? Ile nayo hukuuliza?"

Nikatikisa kichwa.

"Ni ndugu mudogo ya Silasi, Fidele. Alikufa mu vita. Silasi akiangalia kushoto, haone weye. Anaona ule mwenye hayuko tena. Na leo umetupa ile jezi ya namba yake mu vumbi mbele ya macho yake." Akaniwekea jezi magotini. "Mbio uko nayo, petit. Lakini muntu akiingia mu nyumba ya benyewe bila kuuliza nani amelala pale, atamukanyaga."

Usiku ule usingizi ulinikimbia. Kulipokucha nikashika njia ya Muganza. Nilimkuta Silasi shambani kwake, anaegemeza migomba iliyozidiwa na mikungu.

"Kaka Silasi," nikasema, "sikujua. Uniambie Fidele alichezaka namna gani."

Alinitazama hata nikadhani atanifukuza. Mara akacheka, mwanangu! Cheko la mtu ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumtajia jina lile.

"Fidele? Ule mukaidi? Hakupashaka muntu ballon! Maman alimuitaka mbuzi, juu akishika kitu haachilie."

Akaongea, akaongea, mpaka mama yake akatuletea wali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, naye akaketi akaongeza ya kwake, akicheka na kufuta machozi kwa kanga. Nilipoaga, Silasi alinisindikiza mpaka barabarani.

"Hapana cheza kama yeye," akaniambia. "Ucheze ya kwako. Miye nitakutafuta."

Na akanitafuta kweli! Mpira ulianza kunijia kama mvua ya masika. Tukashinda nyumbani, tukashinda ugenini, tukatoka sare pale tulipotarajiwa kuzikwa. Ng'ambo ya mto, kule Kongo, vita vilikuwa vimewaka tena. Mara nyingine tulisikia mizinga tukiwa mazoezini, sote tukasimama, kila mmoja akimwaza mtu wake aliyebaki kule. Halafu Papa Gasto akapuliza filimbi, nasi tukakimbia tena.

Ikafika mechi ya mwisho. Tukishinda, tunabaki, vinginevyo, tunashuka. Wageni walikuwa vigogo kutoka Kigali. Ah, ungeuona uwanja siku ile! Wafanyakazi wa kiwanda cha saruji wametoka zamu na nyusi nyeupe, wakulima wa mpunga wana matope magotini, padri na imamu wamesimama bega kwa bega wakimzomea mwamuzi yule yule.

Tulikuwa bao moja kwa moja. Muda unayoyoma. Silasi akaupata mpira katikati, akainua macho kushoto, akaupiga mrefu. Nikakimbia, mwanangu, nikakimbia hadi nikasahau kupumua! Kipa akatoka, nikaupitisha kando yake, ukagonga mwamba, paa! Uwanja mzima ukashika kichwa. Lakini Silasi hakuwa amesimama kutazama pasi yake. Alikuwa amekuja nyuma yangu uwanja mzima, na mpira uliporudi akaukandamiza wavuni.

Hakukimbilia watu. Alinikimbilia mimi, akanigeuza, akaikamata jezi yangu mgongoni, pale penye namba, akaiinulia jukwaa na kupaza sauti: "Fidele!" Watu wakaitikia. "Fidele! Fidele!" Bonde zima likaitika, na mama yake alikuwa akicheza ngoma pembeni ya mstari, mikono juu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Utapewa nafasi duniani: kazi, nyumba, mahali katika ukoo wa watu. Ukiona hupokelewi, usiwe mwepesi kusema unachukiwa. Kuuliza si ujinga. Uliza nani alikuwa pale kabla yako, utulie umsikilize anayemlilia. Kisha ucheze ya kwako, kwa nguvu zako zote, maana marehemu harudishwi kwa kuigwa.

Mungu akupe miguu isiyochoka na watu wa kukutafuta uwanjani. Na siku utakapomwachia mwingine jezi yako, akupe wa kulitaja jina lako kwa kicheko.